Mipaka ya wadi na utambulisho wa jamii nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka barazani, misikitini baada ya sala, sokoni na kwenye mikutano ya vijiji, hasa Pwani na katika kaunti za wafugaji. Tumeyajibu kwa urefu pale penye utata na kwa ufupi pale ambapo jibu ni moja. Takwimu zote za idadi ya watu ni za sensa ya 2009 na ya 2019.

Wadi ni nini hasa, na inatofautianaje na lokesheni ya chifu?

Wadi ni eneo linalomchagua mwakilishi mmoja wa bunge la kaunti. Kenya ina wadi 1,450 zilizomo katika maeneo bunge 290, yaani wadi tano kwa kila eneo bunge ukichukua wastani. Nairobi ina 85. Kaunti nzima ya Lamu ina 10.

Lokesheni na lokesheni ndogo ni ngazi za utawala wa serikali ya kitaifa, za chifu na naibu wake. Serikali ikitangaza lokesheni mpya leo, mpaka wa wadi hausogei hata hatua moja. Tumeona vijiji vikichinja mbuzi kwa kupata chifu mpya, wakiamini kwamba wadi iko njiani. Hivyo sivyo. Lakini vitu hivi viwili vina uhusiano: mipaka ya 2012 ilipochorwa, tume ya uchaguzi na mipaka ilizipanga lokesheni ndogo kama fundi anavyopanga matofali, na kila wadi ikaelezwa kwa majina ya lokesheni ndogo zilizomo. Ndiyo maana mtu anayetaka kubadilisha mpaka hana budi kujua majina hayo kwa ufasaha.

Kwa msomaji wa Tanzania: wadi yetu ndiyo kata yenu, na mwakilishi wadi wetu ni diwani wenu.

Kwa nini watu wagombane juu ya mstari ambao hauonekani ardhini?

Kwa sababu mambo ya kila siku ya mwananchi yamewekwa mikononi mwa kaunti, na kaunti hugawa kwa kuangalia wadi. Zahanati, chekechea, barabara za mashambani, maji ya kisima, maafisa wa kilimo na mifugo: yote hayo ni ya kaunti. Basari za watoto nazo, katika kaunti nyingi, hugawanywa wadi kwa wadi. Mwenye mwakilishi wake katika bunge la kaunti ana mtu wa kupigia simu usiku mvua inapobeba daraja.

Chukua jamii ya watu 6,000 wanaoishi pamoja, wenye lugha moja na soko moja. Wakiwa ndani ya wadi moja, mgombea yeyote atawafuata kwa sababu kura zao zina uzito. Wakikatwa mapande matatu ya watu elfu mbili mbili, kila pande likaunganishwa na jirani mkubwa, watakuwa wachache mara tatu. Hakuna aliyewanyima kura. Kila mmoja wao atapanga foleni na kupiga kura yake kama Mkenya mwingine yeyote, na bado miaka mitano itapita bila mtu kulitaja jina la kijiji chao katika bunge la kaunti. Haki ya kupiga kura inaweza kuwepo na sauti isiwepo.

Je, sheria inaruhusu utambulisho wa jamii kuzingatiwa?

Ndiyo, na imeandikwa katika Katiba yenyewe. Kifungu cha 89 kinaanza na usawa wa idadi ya watu, kisha kinaruhusu tofauti ili kuzingatia mambo matatu: sura ya nchi na miji, maslahi ya pamoja ya jamii pamoja na uhusiano wao wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano.

Soma jambo la pili tena polepole. Kabila halikutajwa hapo, wala ukoo. Kilichotajwa ni maslahi ya pamoja na uhusiano. Tutalirudia hili mbele kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoteleza.

Tofauti hiyo ya idadi ya watu ina kikomo?

Ina kikomo. Unaanza na kigezo: idadi ya wakazi wote wa Kenya ukiigawa kwa idadi ya wadi. Kwa sensa ya 2009 iliyohesabu watu 38,610,097, kigezo kilikuwa kama watu 26,628 kwa wadi. Kwa sensa ya 2019 yenye watu 47,564,296, ukigawa kwa wadi hizo hizo 1,450 unapata kama 32,803.

Kutoka hapo, katika majiji na katika maeneo yenye watu wachache waliotawanyika, wadi inaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 40. Kwingineko ni asilimia 30. Kwa hesabu ya 2019, wadi ya kawaida inapaswa kuwa na watu kati ya 22,962 na 42,644. Ile ya nyika au ya jiji kati ya 19,682 na 45,924. Kwa hiyo jamii ya watu 6,000 haiwezi kudai wadi yake peke yake kwa hesabu hii. Inachoweza kudai, tena kwa nguvu, ni kutokatwa mapande.

Wanaohesabiwa ni wapiga kura au wakazi?

Wakazi. Mtoto mchanga anahesabiwa, mzee asiye na kitambulisho anahesabiwa. Hili ni muhimu sana kwa jamii ambazo vijana wao hucheleweshwa kupata vitambulisho: daftari la wapiga kura linaweza kuwaonyesha kuwa wachache kuliko walivyo. Mtu akikuambia barazani kwamba eneo lenu halistahili kwa sababu wapiga kura wake ni wachache, mwambie afungue kifungu cha 89.

Mbona Lamu Mashariki ina watu wachache hivyo na bado ni eneo bunge?

Swali hili huulizwa na watu wa bara kwa mshangao, na huulizwa na watu wa Lamu kwa hofu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 22,258 katika Lamu Mashariki. Hao ni pungufu ya kigezo cha wadi moja, achilia mbali cha eneo bunge ambacho ni kama 164,015. Hata kaunti nzima ya Lamu, yenye watu 143,920, kwa hesabu tupu ingetosha eneo bunge moja tu.

Lakini angalia ardhi na bahari. Lamu Mashariki ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Faza ni kisiwa cha Pate, wanakoishi Wabajuni na Waswahili wengine wa miji ya kale kama Pate na Siyu. Kiunga ni ukanda wa pwani unaokwenda hadi mpaka wa Somalia. Basuba imo ndani ya msitu, na wengi wa wakazi wake ni Waboni, wanaojiita Aweer, watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kurina asali kabla uwindaji haujapigwa marufuku. Mvuvi wa Kizingitini kule Pate na mrina asali wa Basuba hawashiriki soko, hawashiriki njia, na hata shida zao hazifanani: mmoja analilia bandari na leseni za uvuvi, mwingine analilia msitu na usalama. Kuwatia katika wadi moja kwa sababu hesabu imekataa ni kuwapa mwakilishi ambaye hataweza hata kuwafikia.

Kilichoiokoa Lamu Mashariki mwaka 2012 ni kinga iliyowekwa katika Jedwali la Sita la Katiba, kwamba mapitio ya kwanza yasifute eneo bunge lililokuwepo. Maeneo bunge zaidi ya 20 nchini yalinufaika kwa njia hiyo. Kinga ile iliwekwa kwa mapitio ya kwanza tu. Hofu ya watu wa Lamu, basi, ina msingi, na kwa maoni yetu nchi hii itakuwa imefanya dhuluma ikiwa Basuba itayeyushwa ndani ya wadi ya majirani kwa kisingizio cha hesabu. Waboni hawakuchagua kuwa wachache.

Kuna jamii iliyowahi kwenda mahakamani na kushinda?

Ipo. Wailchamus, watu wa lugha ya Maa wanaoishi kusini mwa Ziwa Baringo, walikuwa sehemu ya eneo bunge la Baringo ya Kati. Majirani zao Watugen walikuwa wengi mno kiasi kwamba tangu uhuru hakuna Mchamus aliyewahi kufika Bunge. Wakafungua kesi Mahakama Kuu, wakidai kwamba haki ya kuwakilishwa haiwezi kuwa na maana ikiwa mpaka umechorwa kwa namna ambayo hawawezi kushinda milele.

Desemba 2006 mahakama ikakubaliana nao kwamba wao ni jamii ya wachache inayostahili uwakilishi, na kwamba tume ya uchaguzi iwazingatie katika mapitio ya mipaka yajayo. Uamuzi huo ulitoka chini ya katiba ya zamani, miaka minne kabla ya hii ya 2010, ndiyo maana wanasheria bado wanaurejelea. Mipaka ya 2012 ilipotoka, kulikuwa na eneo bunge jipya la Baringo Kusini lenye wadi nne: Marigat, Ilchamus, Mochongoi na Mukutani. Jina la jamii likaandikwa kwenye ramani ya taifa.

Eneo bunge hilo si la Wailchamus peke yao, wala wao hawakudai liwe hivyo. Walidai nafasi ya kusikika. Tunawashauri wazee wanaotuandikia wasome kisa hiki kabla ya kuandika neno "letu" katika madai yao.

Kwa hiyo, wadi ya jamii maana yake ni wadi ya kabila?

Hapana, na hapa tunasema bila kuzunguka. Utambulisho wa jamii ni ule mshikamano unaoonekana katika maisha: mnachota maji wapi, mnazika wapi, watoto wanasoma shule gani, mnauza samaki au ng'ombe soko lipi, mgonjwa anabebwa hadi zahanati ipi, mzee gani anasuluhisha ugomvi wa mashamba. Mara nyingi lugha na nasaba hufuatana na mambo haya. Mara nyingine hazifuatani kabisa.

Mtaa wa Majengo wa mji wowote wa Kenya una watu wa kila kabila, na ni jamii. Kibanda cha chai, msikiti, timu ya mpira na shida ya maji ya mfereji vimewafanya kuwa wamoja. Huko mjini dai la kwamba wadi ikatwe ili kabila fulani libaki peke yake si dai la utambulisho, ni dai la kumfukuza jirani kwa kalamu. Tume inapaswa kulikataa, na wananchi pia.

Kuna kipimo chepesi tunachokitumia. Futa majina ya makabila yote katika maombi yenu, kisha msome tena. Kama bado maombi yanasimama, kwa sababu mmeeleza mto, njia, soko, shule na historia ya makazi, basi yana nguvu. Kama yameanguka, rudini mkayaandike upya.

Jamii mbili zinatumia ardhi moja. Mpaka upite wapi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na mfano wake mzuri ni Tana River. Wapokomo wamelima kando ya mto kwa vizazi, mashamba yao yakifuata maji kama shanga kwenye uzi. Waorma na Wawardei hupeleka mifugo yao nyikani mvua inaponyesha, na kiangazi hurudi mtoni kunywesha, wakipita katika njia zinazoitwa malka. Wapo pia Wawaata na jamii nyingine ndogo.

Unaweza kuchora wadi ukifuata urefu wa mto: ukanda wa wakulima huku, nyika ya wafugaji kule. Kila jamii itapata mwakilishi wake kwa urahisi. Lakini kila malka itakuwa sasa inavuka mpaka wa wadi, na mwakilishi wa wakulima hatakuwa na hata kura moja ya mfugaji ya kumlazimisha kuitetea njia ya ng'ombe. Unaweza pia kukata mpaka kwa kuupitisha mto katikati ya wadi, ili kila wadi iwe na shamba na nyika. Mwakilishi atalazimika kuomba kura pande zote mbili, ila jamii iliyo ndogo katika kila wadi inaweza kumezwa.

Mapigano ya Delta ya Tana ya 2012 na mapema 2013 yaliua watu zaidi ya 100. Hatusemi mipaka ya wadi ndiyo iliyoyaleta. Ugomvi wa ardhi na maji ni wa zamani kuliko wadi. Tunachosema ni kwamba mahali kama hapo, anayechora mpaka akiwa ofisini Nairobi bila kutembea malka kwa miguu anacheza na moto. Sisi tunaegemea upande wa kuziacha malka ndani ya wadi moja kila inapowezekana, kwa sababu maji wanayoshirikiana watu wa makabila mawili nayo ni maslahi ya pamoja, na Katiba inayatambua sawasawa na lugha yao. Wapo wazee tunaowaheshimu sana ambao hawakubaliani nasi, na hoja yao ya kuogopa kumezwa si ya kupuuzwa.

Tunaweza kubadilisha jina la wadi bila kugusa mpaka?

Ndiyo. Tume inapitia majina pamoja na mipaka, na ombi la jina huwa rahisi kwa sababu halimnyang'anyi mtu kitu. Msilidharau. Eneo bunge lililokatwa kutoka Lang'ata liliandikwa Kibra, si Kibera, kwa sababu Kibra ndilo jina la Wanubi waliokuwa wakazi wa kwanza wa mtaa ule. Kwa lugha yao maana yake ni msitu. Herufi moja tu, lakini kwa watu ambao miaka mingi walihesabiwa kuwa wageni katika nchi waliyozaliwa, herufi hiyo ilikuwa ushahidi.

Kuna pia majina yenye alama ya mkwaju (/), kama Mji wa Kale/Makadara na Shimanzi/Ganjoni kule Mvita. Haya huonyesha mitaa miwili iliyotiwa chungu kimoja na hakuna aliyekubali jina lake lipotee. Ni suluhu ya heshima. Kinyume chake ni jina kama Woodley/Kenyatta Golf Course huko huko Kibra: wadi imebeba jina la uwanja wa gofu. Wakazi wakitaka libadilishwe, wana haki ya kuomba.

Mwakilishi wadi wetu ameahidi kutuletea wadi mpya. Ana uwezo huo?

Hana. Wala gavana, wala mbunge, wala kamishna wa kaunti. Mwenye mamlaka ni Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Mwanasiasa anaweza kuwasaidia kuandika maoni, na anaweza kuja kuyasema kikaoni kama mwananchi mwingine. Akiwaomba mchango wa pesa ili wadi "ipite", msitoe.

Na mpaka wa kaunti? Sisi tunaona tuko kaunti isiyo yetu.

Hilo ni jambo jingine kabisa. Mpaka wa kaunti unabadilishwa kwa njia ya kifungu cha 188: tume maalumu huru ipendekeze, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti wakubali. Migogoro ya Maseno kati ya Kisumu na Vihiga, au ya Mackinnon Road kati ya Kwale na Taita Taveta, haiwezi kumalizwa katika kikao cha mipaka ya wadi. Ukiipeleka huko utapoteza nafasi ya kusema yale yanayowezekana.

Mbona bado tunatumia mipaka ya 2012?

Katiba inataka maeneo bunge yapitiwe kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi 12. Mipaka ya sasa ilichapishwa Machi 2012, kwa hiyo muda wa juu kabisa ulifika Machi 2024. Ulifika tume ikiwa haina makamishna: mwanzoni mwa 2023 viti vyote vilibaki wazi baada ya baadhi kumaliza muhula na wengine kuondoka kufuatia mvutano wa uchaguzi wa 2022. Tume mpya chini ya Erastus Edung Ethekon iliapishwa Julai 2025.

Hapo ikakutana na ukuta mwingine. Mapitio lazima yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Yasipowahi, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, maana yake kazi yote ilipaswa kumalizika ndani ya mwaka mmoja na ushee tangu kuapishwa, na tume ilieleza kwamba muda huo hautoshi. Kwa jamii zinazosubiri, huku ni kuchelewa kunakouma. Lakini mwaka wa ziada wa kujiandaa si bure, na jamii nyingi tulizozungumza nazo bado hazina hata orodha ya vijiji vyao.

Sensa ikikosewa je?

Mpaka utakosewa. Matokeo ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, Turkana zikiwemo, yalikataliwa na serikali, kisha Mahakama Kuu ikasema serikali haikuwa na mamlaka ya kuyafuta. Matokeo ya 2019 katika baadhi ya kaunti ndogo za Mandera, Wajir na Garissa yalifutwa na Mahakama Kuu ya Garissa mwaka 2025. Katika kaunti hizo, ambako mpaka wa wadi mara nyingi hufuata malisho ya koo, tarakimu moja ina uzito wa kisima. Siku ya kuhesabiwa, hesabiweni. Mfugaji aliyehama usiku ule na mvuvi aliyelala baharini ni watu wawili waliopotea katika mpaka wa miaka mingi ijayo.

Tunaandikaje maoni yenye nguvu?

Anzeni na lokesheni ndogo. Andikeni zile mnazotaka ziwe pamoja, na mbele ya kila moja idadi yake ya watu kama ilivyochapishwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, ambalo limetoa matokeo ya 2019 hadi ngazi hiyo. Jumlisheni. Je, jumla imo ndani ya kikomo? Kisha fanyeni jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: hesabuni wadi mnayoiacha. Mkichukua lokesheni ndogo mbili, mkaiacha wadi jirani na watu 18,000, tume haitaweza kuwakubalia hata ikiwahurumia. Nendeni kwa majirani hao kabla ya kikao. Maoni yaliyotiwa saini na pande mbili za mpaka yana nguvu kuliko saini elfu moja za upande mmoja.

Halafu elezeni maisha. Ni kilomita ngapi hadi ofisi ya wadi ya sasa, na wakati wa mafuriko njia inapita wapi? Watoto wanavuka nini kwenda shule? Nani alianzisha makazi haya, na lini? Makaburi ya zamani yako wapi? Kina mama watajua mambo ya maji na zahanati kuliko wazee wa baraza, kwa hiyo wawepo wakati wa kuandika, siyo wakati wa kupika chakula cha mkutano peke yake. Chorani ramani, hata ya mkono, yenye mto, barabara, shule na misikiti au makanisa.

Kurasa nne au tano zinatosha. Tumeona maandishi ya kurasa 60 yenye historia tangu enzi za Wareno na yasiyo na hata jina moja la lokesheni ndogo.

Kwenye kikao chenyewe semeni Kiswahili, au lugha yenu mkiwa na mkalimani, na mwacheni aliye na ushahidi azungumze, hata kama ni kijana.

Tumeandika, tumesema, na tume haikutusikia. Kuna njia?

Kuna Mahakama Kuu. Mtu yeyote anaweza kuomba uamuzi wa tume upitiwe, lakini lazima afanye hivyo ndani ya siku 30 tangu mipaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mahakama inatakiwa kuamua ndani ya miezi mitatu. Siku 30 ni chache mno kwa mtu wa Kiunga au Laisamis. Mwanasheria atafutwe kabla, pesa zichangwe kabla.

Mwaka 2012 kesi zaidi ya 100 zilifunguliwa na kusikizwa kwa pamoja mbele ya majaji watano. Uamuzi ulitoka Julai mwaka huo. Sehemu kubwa ya kazi ya tume ilibaki ilivyo, lakini baadhi ya majina yalibadilishwa na baadhi ya lokesheni ndogo zikahamishwa kutoka wadi moja hadi nyingine. Walioshinda kitu walikuwa wale waliokuja na jambo mahususi.

Sisi ni wachache mno, hatutapata wadi hata tufanyeje. Tukae kimya?

Msikae kimya. Kifungu cha 177 kinataka bunge la kaunti liwe na wajumbe wa makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana, kupitia orodha za vyama. Orodha hizo huandaliwa kabla ya uchaguzi, na jamii isiyojulikana na chama haimo. Fuatilieni mapema. Pia ombeni msikatwe, kama tulivyosema. Mariashoni, kule Molo, ni wadi ambamo Waogiek wengi wa msitu wa Mau wamebaki pamoja. Hiyo imewapa mahali pa kusimamia, hata pale ambapo kesi za ardhi yao zimechukua miaka na miaka.

Mipaka ikibadilika, kura yangu na mwakilishi wangu wa sasa itakuwaje?

Mwakilishi wako anaendelea hadi mwisho wa muhula wake, kwa eneo lile lile lililomchagua. Mipaka mipya huanza kufanya kazi Bunge linapovunjwa kwa ajili ya uchaguzi unaofuata. Huhitaji kitambulisho kipya. Kituo chako cha kupigia kura kinaweza kubaki palepale huku jina la wadi likibadilika kwenye daftari, kwa hiyo wakati wa kukagua daftari nenda ukaangalie jina la wadi lililoandikwa mbele ya jina lako, na ukiona si sahihi toa taarifa kwa ofisi ya tume ya eneo bunge lako kabla ya daftari kufungwa.